Majibu Yametoka, Mama

Mama,

Majibu ya wale watoto yametoka. Nimeanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ningelia nisimalize, na wewe hukupenda mtu anayelia huku anazungumza. Ulikuwa unasema, "Chagua moja."

Hapa nyumbani tupo. Mdogo wangu Hamisi amehamia chumbani kwako, maana chumba chake kinavuja, na si unajua hukutaka fundi yeyote akanyage bati lako. Friji ipo, tunaweka mboga na maji ya kunywa. Watoto wa mtaani bado wanagonga mlango kuulizia barafu ulizokuwa ukiwauzia, hasa wale waliohamia juzijuzi. Hamisi anawajibu kwamba mwenye barafu kafariki. Mimi najifanya sijasikia.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana nimeifanya miaka yote hiyo bila kukueleza vizuri, na wewe ukawa unawaambia watu, "Saumu anapima mavi," nami nanuna. Ulikuwa sahihi kabisa. Mtoto akiharisha, zahanati wanachukua choo chake kidogo wanatuletea maabara. Tunakiotesha kwenye visahani mpaka bakteria waonekane. Zamani kazi iliishia hapo. Siku hizi tunatoa vinasaba vya hao bakteria, tunavilinganisha, tujue kama bakteria wa mtoto huyu na wa yule ni ndugu wa damu au wamefanana sura tu. Ni kama kanga kwenye kamba ya kuanikia. Kwa mbali zote kanga, mpaka usogee ndio unasoma kila moja ina maneno yake.

Masika iliyopita, watoto wa mtaa wetu walipoanza kuharisha mmoja baada ya mwingine, choo chao kililetwa kwetu. Nilikuwa nafungua vile vikopo huku najua hiki ni cha nyumba ile na hiki ni cha nyumba ile. Na mtaani watu walishaanza kunong'ona kwamba watoto wote hao walikula barafu za ukwaju za kwako. Kwani mtoto gani wa pale hakula barafu zako? Lakini mnong'ono haujali hilo, Mama, na mimi mwenyewe ulinikaa kichwani nikiwa kazini.

Jioni ile Mama Rahma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja kukaa kibarazani kwetu na wenzake. Mwanawe ndiye aliyekuwa hoi kuliko wote, kalazwa na dripu mkononi. Hakuja kugombana. Alikuja kukaa tu, na wewe ulikuwa unapeta mchele na kumpa pole. Nikafika kutoka kazini, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Sikukaa. Sikumuuliza hata mgonjwa anaendeleaje. Nikakuuliza wewe, mbele yao wote, kwa ile sauti tunayoitumia kazini, "Mama, hayo maji ya barafu huwa unayachemsha?"

Ungo ukatulia mikononi. Ukaninyanyulia macho, ukasema, "Shikamoo, Bibi Afya."

Na mimi, Mama, sijui mdomo wangu ulikuwa na nini. Kutwa nzima naamkiwa na wanafunzi wanaojifunza kazi pale maabara, naitikia bila kunyanyua kichwa. Nikaitikia. "Marahaba."

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mama Rahma, na machungu yake yote, alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nikacheka kidogo, cheko la mtu aliyejikwaa hadharani. Wewe hukucheka. Mama yangu mzazi kaniamkia, nami nimepokea. Ulimi hauna mfupa, lakini wa kwangu siku ile ulivunja kitu na nilisikia kikivunjika.

Lile swali hukulijibu. Asubuhi yake ukachomoa waya wa friji. Watoto walipokuja ukawaambia, "Barafu hamna, kamuulizeni Bibi Afya." Na watu wakapata la kusema, eti kama hana kosa mbona kaacha? Tuliendelea kula sinia moja, Mama. Ulinisongea ugali, ulinipigia pasi lile koti langu jeupe. Kila siku nilipata nafasi ya kusema nisamehe, na kila siku nilijiambia nangoja majibu. Nilitaka nije na karatasi mkononi, niisome palepale kibarazani, watu wote wasikie. Kumbe presha haikuwa na habari na ratiba zetu. Ulianguka bafuni, na tukakuzika kabla mashine hazijamaliza kazi yake.

Sasa yametoka. Bakteria wa watoto wale hawafanani, Mama. Karibu kila mtoto ana wa kwake, ukoo wake mbali na wa mwenzake. Nilipoona nilitoka nje nikalia kwa furaha, nikasema mama yangu kasafishika, haiwezekani wote wametoka kwenye ndoo moja. Nikamkimbilia mkuu wetu wa maabara. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia taratibu, "Saumu, usiyalazimishe majibu yaseme unachotaka wewe." Maji yakishaingiliwa na vyoo, akasema, ndoo moja inaweza kubeba koo nyingi kwa mpigo. Inawezekana ni mabomba, inawezekana ni visima, inawezekana ni yale mashimo ya vyoo yaliyofurika masika. Barafu zako hatukupima hata moja, na siku niliyokumbuka kuzipima friji ilishakauka. Kwa hiyo majibu hayakutii hatiani wala hayakutoi. Mimi nilihitaji shahidi, na sikumpata.

Juzi nikaenda kwa Mama Rahma hivyohivyo, mikono mitupu. Wenzake walewale walikuwepo. Nikawaambia, "Lile swali nililomuuliza marehemu mama mbele yenu, nilimkosea. Kama kuna mtu alimfikiria vibaya, kosa ni langu."

Wakatazamana. Mama Rahma akasema, "Swali gani tena, mwanangu?"

Hakuwa anajifanya, Mama. Amesahau. Rahma wake amepona, anapiga kelele mtaani kutwa. Walicheka jioni moja, wakanong'ona wiki chache, wakaendelea na maisha yao. Akanivutia mkeka, akaanza kunisimulia vituko vyako, jinsi ulivyokuwa hodari wa kumtania mtu huku umemnunia. Wanakukumbuka kwa uzuri tu. Nilikwenda kulisafisha jina ambalo halikuwa na doa, ila kwangu na kwako. Na sasa, kati yetu wawili tuliolibeba lile jambo, nimebaki peke yangu.

Wanasema kuuliza si ujinga. Sawa. Mama huulizwa jikoni, mmekaa wawili, mtu umeshavua viatu. Sijui kama ulikuwa unachemsha yale maji. Sitajua, na nimeacha kutaka kujua.

Nisamehe, Mama. Mwenyezi Mungu akupanulie nafasi huko uliko, na jioni ya leo ikukute umepumzika. Mimi na Hamisi tutakuombea maadamu tuna pumzi.

Limebaki moja, nalo ndilo linalonitafuna. Nilikuwa naishi humohumo ndani. Maji ya mtaa huu nayajua kuliko mtu yeyote pale kibarazani. Masufuria yalikuwepo, gesi ilikuwepo, na goti lako lilikuwa linakuuma ukiinua ndoo, ulikuwa unalalamika nikikusikia. Na hata siku moja, Mama, sikuwahi kuinuka nikakubandikia yale maji mwenyewe.

Nakuahidi hivi. Nikiingiwa tena na wasiwasi na maji ya mtu, kwanza nitamchemshia.

Mwanao,
Saumu