Kirikuu Inauzwa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo nimesikia jambo. Nilikuwa chini ya gari nakaza nati, hawakuniona. Mzee Saleh, bosi wangu, anamwambia mkewe, Mama Raya, kirikuu, kigari chetu cha mizigo, inauzwa. Anaongezea hela achukue lori. Eti mfanyabiashara mzima wa Dongobesh kubebea mzigo kwenye kibiriti chenye magurudumu ni aibu.

Mama Raya kacheka. "Hicho kibiriti ndo kimejenga jiko langu."

Lori! Leseni yangu ni ya gari ndogo. Mwaka wa tatu huu naendesha hii kirikuu. Ikienda, na mimi nimekwenda. Nilitoka chini nikasema shikamoo. Basi. Hiyo tu ndo niliweza.

Jumanne, 6 Mei 2025

Mnunuzi kapatikana. Anaitwa Wolfgang, mtu wa Nangwa. Anakuja Jumamosi.

Nimeosha gari. Ningeiacha na matope labda asingeipenda. Lakini gari chafu inaniuma.

Stendi nimehesabu kirikuu tisa. Mwaka naanza zilikuwa mbili, yetu na ya yule wa maziwa. Leo saa nne zote zimeshapata kazi. Malori mawili yamelala pale tangu Jumapili, yanangoja mzigo ujae. Madereva wanacheza drafti. Watu hawaoni? Au ni mimi tu, nakaa kimya naangalia sana.

Alhamisi, 8 Mei 2025

Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Nilienda kijijini Daudi kuchukua viazi vya Mama Getruda. Mvua imepiga, matope. Njia ya kwake ni ya ng'ombe, ukinyoosha mkono dirishani unashika uzio. Kuna lori limesimama barabara kubwa, haliwezi kuingia, watu wanabeba magunia kichwani. Mimi nimeenda hadi mlangoni.

"Hii gari inaingia mpaka jikoni, kama mkwe aliyezoea!" Mama Getruda huyo. Wamama wakacheka. Mimi nikaangalia usukani.

Halafu kasema kitu cha maana. Lori linataka magunia mengi ndo liondoke, na linataka lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, mkulima anapunjwa. Yeye ana manne tu. Kirikuu inachukua manne yake na ya jirani, inaondoka leo leo. "Mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, nimwambie asubiri lori lijae?"

Sasa kosa. Mazoea! Mkono wao umezoea lori, wakajaza lumbesa zote. Gunia nane! Niliona. Nikashindwa kuwakatalia wamama.

Kwenye mlima, magurudumu ya mbele yakanyanyuka. Usukani mwepesi. Gari inaangalia mawingu! Mzee Margwe, baba mkwe wake Mama Getruda, kaja mbio na gambuti, kafungua mlango, kakaa. "Mimi kilo tisini, endesha!" Haikutosha. Akamvuta na Mama Getruda. Tumebanana watatu, gia iko chini ya goti la mama wa watu — samahani mama, samahani mama — mpaka juu.

Pale juu nikazima gari. Nikasema kwa sauti: "Gunia sita. Za kawaida. Mzigo usogee mbele. Mengine kesho."

Wakatii! Mama Getruda: "Kumbe ana mdomo!"

Ijumaa, 9 Mei 2025

Nilimsubiri Mzee atoke msikitini nimwambie yote. Katoka. Nikamwambia tairi ziko sawa.

Tairi!

Jumamosi, 10 Mei 2025

Wolfgang kaja. Mtu wa utani. Kapiga bodi ngumi, kalala chini, kachungulia. Akataka tuijaribu. Nikakaa naye mbele, Mzee Saleh kapanda nyuma kwenye bodi, kashika kofia.

Mbele kidogo Wolfgang kaniuliza: "Dereva, mimi na wewe tu. Ubaya wake nini?"

Hapo ndo palikuwa pangu. Ningesema inakula oili, kwisha, anarudi Nangwa.

Nikasema ukweli. Klachi tumebadilisha Februari. Ukiijaza nyuma, mbele inanyanyuka. Ubaya mwingine sijauona. Halafu sikunyamaza! Nikamwambia njia za Daudi, za Tumati. Nikamwambia za stendi, mbili zimekuwa tisa na bado wamama wanapiga simu wanakosa gari. Hela ya lori moja bora kirikuu mbili, moja ikiwa gereji nyingine inafanya kazi.

Wolfgang kakanyaga breki. "Naichukua leo! Na wewe nakuchukua!"

Kumbe kioo cha nyuma kiko wazi. Mzee Saleh kaingiza kichwa. "Nani kasema inauzwa?"

Wolfgang kageuka: "Si wewe, Mzee?"

"Hiyo ilikuwa asubuhi."

Saa hizi wako sebuleni na chai. Nawasikia. Wolfgang anasema walishakubaliana. Mzee anasema hawajaandikishana. Mimi naandika humu ndani ya gari, funguo ninayo mimi.

Mama Raya katoka mlangoni. "Bura, njoo. Mzee anasema yale ya kirikuu mbili uyarudie, pole pole. Na mgeni anauliza kama kweli utaenda Nangwa."

Wote wawili wananingoja mimi. Mimi!

Anaita tena. Nimejibu "Nakuja!" — kuku wamekimbia uwanja mzima.