Usimkumbatie Don Aníbal

Montevideo, Jumatano

Baba mpenzi,

Kabla hata ya salamu, nakusihi: isome barua hii peke yako, kisha ichome. Hata Mama asiione, maana atamwambia shangazi, na shangazi hakai na neno.

Shikamoo, Baba. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Melo? Mimi ni mzima.

Najua mwaliko wa klabu umekufika. Jumapili wanataka winga wao wa zamani apige mpira wa kwanza, kisha akumbatiane na Don Aníbal mbele ya kamera. Uchaguzi wa rais wa klabu umekaribia, naye anagombea, na wazee wa jukwaani bado wanakumbuka ulivyokuwa ukiwaacha mabeki wamekaa chini.

Kule ofisini klabuni, nilikokuwa karani, walinijua kwa ukoo wa Mama tu. Karani ndiye aliyewamiminia chai ya yerba, kwa hiyo waliongea kama sipo. Jana alikuja Daktari Irureta. Don Aníbal akamtania kwamba Kuku anarudi bandani, watafute mahindi. Daktari hakucheka. Alisema hajui atakutazamaje usoni, kwani alipokuchoma sindano ya ganzi asubuhi ya fainali, alijua kano ya goti ilishakatika mazoezini. Don Aníbal akamwambia aache kujiliza, mzee mzima, kwani kombe si tulilibeba?

Walijua, Baba! Wewe walikuambia ni mchubuko. Ulipoanguka ukaomba kutoka, ni Don Aníbal huyohuyo aliyesema redioni kwamba mguu ni mzima, moyo ndio haupo. Mashabiki wakakurushia kuku hai. Hukucheza tena. Mpaka leo watoto wa Melo wanakuigizia kuku ukienda kununua mkate, nawe unainamisha kichwa kama mwenye hatia. Nimekulia chini ya kichwa hicho kilichoinama.

Nikuambie nililofanya. Mimi, mwoga unayenijua, nilijaza kibuyu cha yerba kwa maji ya bomba nikampa Don Aníbal. Alivuta mrija mara moja, akanikazia macho. Hakuna asiyejua kwetu kwamba yerba ya baridi hupewa mtu anayedharauliwa. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamjibu: wa Kuku.

Kwa hiyo usipige simu klabuni, sipo tena. Piga duka la dawa la jirani yangu, Doña Nibia, jioni, uniulizie kwa jina langu na ukoo wako. Ukija Jumapili, kata tiketi, tukae wote jukwaani.

Msalimie sana Mama.

Mwanao,
Líber