Hawa Amechezwa

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii, lakini adabu uliyonifunza siiachi kwa sababu ya kaburi.

Nina habari na nimeshindwa kukaa nayo. Mama, Hawa amechezwa unyago! Mdogo wangu huyu asiyetembea, asiyesema, anayeanguka kifafa, juzi katolewa ndani kama mwali yeyote wa Mchinga. Nalia huku nacheka, uniwie radhi kwa mwandiko.

Tangu ulipotutoka mwaka ule wa njaa, baada ya vita na Wadachi, nilibaki naye peke yangu. Majirani si wabaya, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanasema "pole, mwanangu," hao, wanakwenda zao. Nikienda kulima namfunga mgongoni, kama ulivyomfunga kule Kiranjeranje Wadachi walipokuswaga kwenye shamba lao la pamba. Sasa kakua, miguu inaburuza chini. Nilichoka, Mama. Kuna siku nilikaa njiani nikashindwa kuinuka.

Alipovunja ungo nikamwendea Bi Salima, kungwi. Nilijua ulichotaka. Hata tulipokimbilia porini wakati wa vita, watu wakakwambia umwache kilio chake kisitufichue, ulisema, "Huyu atakua, atachezwa, atapata somo." Maana somo ni mama wa pili mpaka kufa, na wali uliochezwa nao ni ndugu zako. Asiyechezwa hana hao. Hawa alikuwa na mimi tu, na mimi nikifa je?

Bi Salima akakataa. "Hasemi, hatembei, hata tonge hajilishi. Nitamchezaje?"

Weee! Nikamtolea uvivu mbele ya wanawake wote. "Bibi, shikamoo, lakini mwali gani anasema? Si tunakatazwa kufumbua mdomo? Mwali gani anatembea? Si tunatolewa migongoni mwa somo zetu? Na tonge, si tunalishwa? Sisi tulikuwa tunajifanya tu. Hawa kazaliwa mwali!"

Mmoja akaangua kicheko, wote wakafuata, na Bi Salima akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kaniki. "Mdomo huo kauacha mama yako," akasema. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia: "Somo wake ni mimi."

Ya ndani nayaacha ndani, unayajua. Siku ya kutoka, Bi Salima alimbeba mwenyewe, Hawa kang'aa kwa mafuta, vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mwali hacheki, lakini Hawa alicheka kwa sauti uani pote, wala hakuna aliyemkanya. Lo, ungemwona mwanao! Nilijivuna, Mama, nilijivuna kwa ajili yako.

Tangu hapo nyumba yetu haikauki watu. Wali wenzake wanapokezana kumlisha na kumwogesha. Nimewafundisha ulivyonifundisha: akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, kaeni naye mpaka arudi. Zamani walikuwa wanakimbia wakisema kapandwa na pepo. Bi Salima ndiye mkali kuliko wote. Jana kanifukuza kando ya Hawa, eti namlisha haraka haraka.

Leo asubuhi kaja mwanamke mmoja wa upande wa minazini, kamleta binti yake mdogo ambaye mpaka leo shingo haijakaza. Kasimama mlangoni, hataki kuingia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na huyu wangu, atachezwa?" Nilimpokea mtoto mikononi. Nikamwambia akalime, aje kumchukua jua likipoa, na afanye hivyo kila siku ya kulima. Na somo wa mtoto asimtafute, keshapatikana.

Ni mimi, Mama. Nimemwahidi yeye, na sasa nakuahidi wewe.

Mungu akunyooshee mahali ulipolala. Kwaheri, mama yangu. Mtoto wa watu kaamka, ananiita.

Mwanao,
Zuhura