Kitanda ya Noëlla

Siku ya tatu, 1 oktoba 2025

Nyumba inaanza kufanana na nyumba. Kasiye mbili za bia zilizopasuka pembeni — nimezipindua, nimeshona mito na jeans kuukuu za chaguwa, sasa ni viti. Meza ni mulango wa nyumba iliyobomolewa na mvua kule chini. Wenyewe walinipatia bure. Shimo ya serire, pale ufunguo ulikuwa unaingia, bado inaonekana. Nimefunika na kitambaa.

Inakosa kitanda tu.

Mwezi wa pili tulikimbia vita, na wezi walikomba kila kitu, hata mbabula ya kupikia. Tangu pale mutoto wangu Noëlla iko kijijini Miti kwa mama mukwe. Alisema: mujukuu wangu iko na kifua, halali kwa simenti, siku kitanda itakuwa, nitamurudisha. Bwana yangu Didier iko Kamituga kwa machimbo, ananiambia vumilia. Vumilia! Yeye hakumusikia mutoto jana kwa simu. Ameniita "tantine", kama shangazi tu, si mama.

Siku ya tano, 3 oktoba

Kitanda! Mbao ngumu ya libuyu, pana, miguu minene. Papa mumoja, Constantin, alikuwa anauzisha mbele ya nyumba kule Nyamugo. Nilimuuliza mara tatu: papa, hii si ya kupora? Mimi pia waliniibia, siwezi kulalisha mutoto juu ya kilio ya mutu. Akacheka — maman, weye ni polisi? Ni ya grand frère yangu, kaka mukubwa, alikufa mwezi jana. Ni kitu ya familia.

Tuliandika karatasi. Mashahidi wawili. Sikuwa na kitu ingine: nilitoa vikwembe vyangu viwili vya dot, vitenge vya mahari yangu.

Vijana walioipandisha kwa ngazi walinichokoza njia yote. Maman, ulinunua kitanda ao kamio ya mizigo? Nilicheka mpaka mutoto wa jirani akaamuka.

Nimeita Miti kwa simu. Mama mukwe atakuja na Noëlla siku ya Mungu, tarehe 12.

Siku ya pili, 7 oktoba

Mwanamuke alipiga hodi saa sita. Kitambaa nyeusi kichwani, mutoto wa miaka tatu mukononi. Jina yake Adolphine.

Samahani mama, aliniambia, vijana walinionyesha kitanda yangu ilipanda huku. Hakuja kugomba. Anataka tu kuiona.

Ni mujane wa ule grand frère. Alienda kwa misa ya marehemu. Kurudi, shemeji Constantin ameshatoa vitu inje na kufuli iko mulangoni. Sasa wanalala chini kwa dada yake.

Mutoto, Lucie, aliingia bila kuuliza. Akapanda kitandani. Akajisukuma mpaka kwa ukuta, akageuka, akalala. Pale pale! Mama yake alisema polepole: ile ndiyo upande wake.

Mvua ilipiga. Niliwaacha mpaka ikaisha.

Siku ya ine, 9 oktoba

Lucie alikuja jana, na leo tena, kulala muchana. Sikatai. Mama yake anakaa inje kwa ngazi, hataki kuingia.

Jirani yangu Maman Colombe ananigombeza. Weye iko na karatasi, funga mulango! Kesho atakuletea mpaka na sufuria zake.

Niko na karatasi. Ndiyo.

Siku ya tano, 10 oktoba

Nilishuka kwa Constantin. Nilimuambia anirudishie vikwembe, achukue kitanda, ampe mujane. Mbele ya watu alinijibu: mwanamuke hana kitu kwa nyumba ya mume, hata yeye mwenyewe tulimulipia dot. Watu walicheka. Na wanamuke pia walicheka!

Vikwembe nimeviona. Muke wake alikuwa amevaa kimoja.

Siku ya Mungu, 12 oktoba

Naandika huku jikoni, haraka, sombe iko motoni.

Walifika saa tano. Noëlla amerefuka! Alijificha nyuma ya mama mukwe, kisha akanusa kikwembe yangu, akanishika muguu. Sikulia, lakini karibu nilie.

Saa sita Adolphine akatokea na Lucie. Sikuwaambia wasije leo. Nilisahau? Hapana. Sikusahau.

Mama mukwe akauliza: Mama Noëlla, huyu anayelala ni mutoto wa nani? Nilifungua kinywa, lakini Adolphine alijibu yeye mwenyewe, yote, bila kupandisha sauti. Mama mukwe alisikiliza mpaka mwisho. Yeye pia ni mujane. Akaniambia: murudishie kitanda yake, leo. Nikasema ndiyo, mama.

Akasema tena: na mimi nitarudi na Noëlla, mpaka upate ingine. Sikatai wewe, nakataa simenti.

Hana makosa. Ndiyo inaniuma.

Amekaa kwa kasiye, begi ya Noëlla juu ya magoti. Gari ya Miti ya mwisho ni saa kumi. Noëlla ameshavua viatu, amepanda kitandani. Lucie ameamuka, wanavutana blanketi, wanachekelea. Adolphine anaita mutoto wake washuke waende.

Nimetoka jikoni na kijiko mukononi. Nikamuambia Adolphine: usiende. Nikamugeukia mama mukwe: na weye mama, usiende.

Wameniangalia wote wawili. Nimerudi huku kuongeza maji kwa sombe. Wanangoja niseme kile kinachofuata, na mimi nitasema: kitanda ni ya Adolphine, abaki nayo hapa, ni pana, Noëlla atalala upande wa pili wa Lucie.