Siku Mama Alipoomba Mahali pa Kukanyaga

Nakuru, Alhamisi jioni, Februari 1974

Upepo umevuma kutoka ziwani tangu asubuhi, na vumbi jeupe limeingia kila mahali, hata kwenye sufuria ya maziwa. Ningepaswa kuwa ninapangusa meza. Badala yake nimeketi kuandika, kwa sababu nikilala bila kuandika nitaamka nikidhani niliota.

Leo nimemwona Mama kama mtu ambaye sikuwa namjua.

Mama ni mnene. Siandiki hivyo kwa ubaya, maana mtaani kwetu hiyo ni sifa. Shangazi zake wakija kutoka Molo na gunia la viazi, salamu ya kwanza ni, "Umenona, bwana anakutunza." Baba husikia hayo na kutabasamu kama mtu aliyepewa cheti. Mwanamume ambaye mke wake ni mwembamba husemwa kwamba anatembea na ufunguo wa kabati mfukoni.

Kutwa nzima Mama huketi kwenye cherehani katika veranda ya duka la Bwana Harbans. Jioni hurudi na kuketi tena. Hakuna aliyeona shida yoyote, mpaka mwaka jana alipopata kidonda mguuni kikakataa kupona. Kliniki ya manispaa wakasema ni ugonjwa wa sukari.

Sista Tabitha, muuguzi wa pale, hakumgombeza. Alimwambia, "Mama Wambui, dawa nitakupa. Lakini nusu ya dawa ni miguu yako mwenyewe. Tembea."

Atembee wapi? Barabara kuu ni ya malori. Njia za nyuma ni mitaro mitupu. Ulibaki uwanja wa mtaa. Kidonda kilipopona, Sista akaanza kuja jioni baada ya kazi, bado amevaa gauni lake jeupe, akawaongoza Mama na wanawake wengine kuuzunguka. Vijana wa mpira wakipaza sauti, "Treni ya mizigo imefika!" Mama alicheka nao, akaendelea.

Mimi niliwatazama nikiwa nyuma ya pazia. Nimeumbwa kama Mama, na sipendi kutazamwa. Tangu nimalize shule, nikisubiri matokeo, hata dukani ninakwenda wakati hakuna watu.

Kisha tukasikia kwamba mtu mmoja ameomba kukodishwa uwanja huo ajenge baa na mahali pa kuegesha magari. Leo kamati ya afya ya manispaa ilikuja kwenye ukumbi wa mtaa kusikiliza watu. Ama uwanja utolewe, ama uandikwe katika sheria ndogo za mji kuwa ni wa michezo na kutembea, usijengwe kamwe.

Nilikuwa nikidhani sheria ni ya wezi na wapika pombe haramu ya chang'aa. Sikujua inaweza kumfaa mwanamke anayeugua sukari.

Sista Tabitha ndiye aliyenifundisha. Alisimama mbele ya madiwani bila karatasi yoyote. "Waheshimiwa, mimi naweza kumwambia mama apunguze mafuta, apunguze sukari kwenye chai, atembee. Atanisikia. Lakini siwezi kumpa mahali pa kutembea. Hiyo si kazi ya muuguzi, na si kazi ya mgonjwa. Ni kazi yenu."

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Sista, kwa nini unataka kutukondeshea mabibi? Mimi nililipa mahari ya mtu mzima, sasa nibaki na nusu?"

Ukumbi ulicheka. Sista pia alicheka. "Mzee, afadhali nusu anayekupikia kuliko mzima aliyelazwa hospitalini."

Ndipo Baba akainuka. Baba ni gadi, msimamizi wa treni safarini, na watu humheshimu.

"Mimi nitasema ukweli," alisema. "Bibi yangu akikonda, watu wa kwao Molo watasema mshahara wangu unaishia kwenye baa."

"Na wewe unataka baa iletwe mlangoni kwako!" mwanamke mmoja akamjibu. Watu walicheka tena, na Baba akabaki amesimama, hajui aketi au aendelee.

Mama akasimama.

Mama, ambaye kanisani huomba kwa kunong'ona. Alishika benchi lililokuwa mbele yake na sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Baba Wambui, wakikuuliza kwa nini nimekonda, jibu utalipata. Lakini siku wakija kunizika watakuuliza pia. Utawaambia nini?"

Baba aliketi.

Mama akawageukia madiwani. "Sikuja kuomba chakula. Dawa ninapewa. Ninaomba mahali pa kukanyaga."

Mwenyekiti wa kamati ni mtu mwenye kitambi, koti lake halifungiki. "Mimi nimekuja hapa kwa gari," alisema, "na ofisi yangu naiona kutoka dirisha hili." Safari hii hakuna aliyecheka, labda kwa sababu yeye mwenyewe hakucheka.

Madiwani waliinua mikono kukubali, isipokuwa mmoja aliyeendelea kutazama viatu vyake. Kamati itapendekeza uwanja ulindwe kwa sheria. Mwenyekiti alitueleza kwamba bado baraza zima lazima likubali, na kwamba sheria ndogo hubadilishwa na haohao wanaoitunga. "Msiuache mtupu hata siku moja," alisema. "Mtu asije akaniambia haujatumika."

Wanawake hawakungoja kesho. Walitoka ukumbini moja kwa moja hadi uwanjani, na vitambaa vyao vizuri kichwani, katikati ya vumbi lile.

Baba alisema anakwenda kuona tu kama uwanja wenyewe ni mkubwa kama unavyosifiwa. Akaanza kuuzunguka. Alimtangulia Mama, kama anavyomtangulia wakienda kanisani au stesheni, kwa sababu ndivyo mume na mke hutembea kwetu. Lakini Baba kazini husafiri ameketi. Kabla ya kona ya pili alianza kuhema. Mama, ambaye miguu yake sasa imezoea, alimfikia, akapunguza mwendo kidogo kwa heshima, kisha akampita.

Baba hakumwita. Alishika kiuno, akamtazama akienda, halafu akamfuata.

Ninampenda Sista Tabitha kwa maneno yake, na yule mwenyekiti kwa kujisema mbele za watu. Lakini mgongo wa Mama ukienda mbele ya Baba, huo sitausahau hata nikizeeka.

Kesho jioni nitatoka nyuma ya pazia na kwenda uwanjani. Swali linalonisumbua ni moja tu: nitembee mbele na Mama, au nibaki nyuma nimsubiri Baba?