Baba Aliyekataa Kupiga Bila Duni

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotuacha Agosti ile ya 2018, na Mama bado anazima redio kila tarumbeta inapolia.

Ulikuwa mtu wa bendi kubwa tangu Tanga. Pale ukumbini Newtown, hapa Johannesburg, mlijaa jukwaani mpaka wengine wakasimama chini. Jumapili jioni ulitupigia pasi sare za shule, midomo yako ikifanya mazoezi ya tarumbeta kimya kimya.

Kisha watu wakapungua ukumbini. Mwaka 2016 mwenye ukumbi akataka wanamuziki wanne tu. Marcellin, kiongozi wenu, akakuchagua wewe, akamwacha Duni, mpiga tromboni uliyetoka naye Tanga. Ukakataa.

"Vuai, wanao watakula urafiki?" Mama alikuuliza.

"Mwanaasha, mji huu niliuingia na Duni. Siwezi kupiga huku yeye amesimama mlangoni."

"Basi jina la Duni nisilisikie tena humu ndani."

Ukaenda kulinda duka Fordsburg. Nyumbani wewe na Mama mkawa mnapishana kama wapangaji. Maneno yenu yakapitia kwetu: mwambie baba yako, mwambie mama yako. Kila tukirudi kutoka shule tuliogopa kukuta sanduku la mmoja wenu limefungwa.

Ikafika harusi ya binti yako Ummi. Ulifungua geti ukawakuta wenzako wa bendi wote, vyombo mikononi, Duni mbele. Uso ukakubadilika.

"Nani amewaita?"

"Mimi," Mama alisema nyuma yako. "Nimewafuata mmoja mmoja. Duni nimemwomba radhi."

Duni akacheka: "Eish, Vuai, tusimame hapa mpaka bibi harusi azeeke?" Ukaingia ndani kuchukua tarumbeta. Siku hiyo mtaa mzima haukukaa chini.

Hazikupita wiki nyingi, moyo wako ukasimama ghafla ukiwa kazini. Ndugu zako wote wako Tanga, na wewe hukuzaa mwana wa kiume. Imamu alipouliza ni ndugu gani atashuka kaburini kukupokea, wanaume sebuleni walitazamana. Mama akajibu kutoka chumbani, kila mtu akamsikia:

"Duni. Hapa Johannesburg, huyo ndiye ndugu yake."

Akashuka yeye.

Unakumbukwa na mkeo Mwanaasha, wanao Ummi na Fauzia, mkwe wako Naseeb, wadogo zako walioko Tanga, na ndugu yako Duni. Mungu akurehemu, Baba. Maadamu tupo, hutasahaulika.