Chale za Radi Si Chanjo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza kaa nikuseme. Juzi katika gazeti hili ulimjibu mama wa Ilemba eti baba akikataa chanjo, mama anyamaze, mtoto ni wa baba. Huna haya! Wewe umewahi kuuguza surua?

Mimi ni Fransiska wa Mollo, kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, lakini macho ninayo. Mwanangu Felisiani alisikia mnadani kwamba sindano zinaharibu uzazi, basi siku ya kuandikisha darasa la kwanza akampeleka binti yake Monika, nami nikafuata, Mwalimu Polikarp akauliza, "Huyu kachanjwa?" naye bila kupepesa macho, "Kachanjwa, mwalimu, kovu hilo," kumbe ni chale za kuzuia radi, tena bega la kushoto! Mwalimu akacheka, akasema kovu la kliniki liko kulia, Felisiani akageuka kuomba mtoto apewe msamaha wa chanjo, akajibiwa msamaha huandikwa na daktari kwa mtoto mgonjwa, si kwa baba mwoga, hapo nikashindwa, nikashusha kitenge mbele ya wazazi wote nikaonyesha kovu langu la chanjo ya ndui, nikasema, "Bega hili lilichanjwa enzi za mkoloni na limezaa tisa, we bwege ukiwa wa saba!" Vigelegele vikapigwa, nikamshika Monika mkono hadi zahanati, akachomwa, hakulia, na sasa anaimba a-e-i-o-u mpaka kuku wanakimbia.

Ila Felisiani haji kunisalimia. Anataka nimwombe msamaha mbele ya ukoo, la sivyo Isdori, mdogo wake Monika anayenyonya bado, hataiona sindano. Nipige magoti?

JIBU

Bibi Fransiska, shikamoo. Umenisema, nimesemeka. Yule mama wa Ilemba namwambia hapa hapa: nilikosea, mpeleke mtoto.

Kwa sindano, usiombe msamaha hata kwa askofu. Lakini kumwita baba wa watu bwege mbele ya mwalimu, bibi, hapo ulijifurahisha. Mdomo wako nao unahitaji chanjo! Neno hilo moja lifute, nyumbani, ukiwa umekaa kwenye kigoda chako. Magoti yaache. Felisiani si mbaya, ana hofu, na hofu huulizwa kwa nesi, si mnadani.

Siku ya kliniki msongee ugali wa ulezi, ashibe, kisha mkabidhi Isdori mikononi. Ambebe mwenyewe. Wewe tangulia njiani, bega nje.